Robo ya Milimita ya Alfajiri

Mkaguzi wa elimu aliyekuja shuleni kwetu aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ambayo kwangu haichukui muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe mbona huna sare?" Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Mkononi nilikuwa na rejista ya darasa, chaki mbili na kikombe cha chai cha walimu. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, ambao wote isipokuwa mmoja walikuwa wamenipita kwa kichwa kizima, walicheka mpaka wakashikana mabega. Mkaguzi aliomba radhi. Kuomba kwake radhi ndiko kulikoniumiza zaidi.

Kwetu watu ni warefu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiinama kila mlango. Kaka zangu wanainama. Dada yangu anainama. Mimi pekee ndiye niliyekuwa nikiingia nyumbani kwetu Garissa nikiwa nimenyooka kabisa, futi tano na inchi mbili, na jina la utani nililopewa na ukoo mzima lilikuwa neno la Kisomali lenye maana ya mfupi. Sikulichukia sana. Wasomali tunapeana majina ya namna hiyo bila ubaya, kilema anaitwa kilema na mwenye jicho moja anaitwa hivyo hivyo, na wote wanaitika. Lakini kuulizwa sare nikiwa na ndevu, hilo lilinikaa kooni.

Halafu nina kasoro nyingine, kubwa kuliko ufupi: nikipenda kitu, nakipenda mbio. Nilipoanza kujifunza ushairi nilikariri tungo mpaka nikawa naulizwa habari za asubuhi najibu kwa vina. Kwa hiyo siku nilipoona kwenye simu video ya mtu aliyeongezwa urefu wa miguu kwa upasuaji, sikulala usiku, sikula vizuri, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimekwisha kumpata daktari wa mifupa Nairobi ambaye hufanya kazi hiyo kwa watu waliozaliwa na mguu mmoja mfupi au waliovunjika vibaya.

Daktari huyo alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na alijaribu kwa kila njia kunikatisha tamaa. Aliniuliza kama navuta sigara au natafuna miraa, akafurahi niliposema sivuti wala sitafuni, kisha akahuzunika kwa sababu alikuwa anatafuta kisingizio cha kunikataa. "Mwalimu," akaniambia, "mguu wako hauna ugonjwa. Nikiugusa, nautia hatarini mguu mzima kwa ajili ya kitu kilicho moyoni mwako." Akaniorodheshea: vidonda vya pini vinaweza kuingia usaha hadi ndani ya mfupa, damu inaweza kuganda na kwenda kwenye mapafu, kifundo cha mguu kinaweza kukakamaa, mfupa mpya unaweza kukataa kukomaa. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayesomewa bei za viatu.

Ila sehemu moja niliisikiliza kwa masikio yote. Alisema mfupa wa muundi unakatwa, unapumzishwa siku kadhaa, kisha unatenganishwa taratibu kwa vyuma vya nje, na katika ule mwanya mwili wenyewe unajaza mfupa mpya. Ukienda polepole mno, unaunga kabla ya wakati. Ukienda kwa pupa, mwanya unabaki mtupu. Kipimo ni milimita moja kwa siku, nayo haizungushwi kwa mkupuo mmoja bali robo, robo, robo, robo, mara nne. "Na mfupa ndio mtiifu kuliko wote," akasema. "Misuli na mishipa ya fahamu haioti namna hiyo. Inavutwa tu, na ikichoka inanyamaza. Ndiyo maana kwa muundi mimi naishia sentimita tano. Kuna watakaokuahidi nane. Mimi simo."

Sentimita tano! Nilitoka pale nikipiga hesabu barabarani. Inchi mbili kasoro kidogo. Futi tano na inchi nne! Alinirudisha nyumbani nikafikirie kwa miezi mitatu, na kweli nilifikiria, nilifikiria suruali.

Gharama sitaitaja. Ngamia wangu kule Hadado wanaijua, na wachache waliobaki hawanitazami. Kwa sheikh sikwenda kuuliza, kwa sababu jibu lake nililijua na sikulitaka. Kwa mama nilikwenda, maana huwezi kurudi nyumbani na vyuma miguuni ukamwambia mama yako umejikwaa.

Mama yangu anauza maziwa ya ngamia sokoni. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na bangili za fedha kwenye mkono wa kulia ambazo humtangulia kila anakokwenda. Alinisikiliza huku akifunga mitungi yake. "Hooyo," akaniambia kwa Kisomali, kwa maana kwetu mama humwita mtoto wake kwa neno lile lile mtoto analomwita yeye, "Mungu alikupima kwa mkono wake. Wewe unataka kumpelekea fundi?" Akakasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hizo sentimita tano ni kama wapi hadi wapi?" Nikamwonyesha kwenye kidole chake. Akakitazama kile kidole kwa muda. Nilijua nimempata.

Upasuaji wenyewe sitausimulia sana kwa sababu nilikuwa nimelala. Niliamka nikiwa na pete za chuma kuzunguka miundi yote miwili, nyaya na pini zikipenya nyama na kutokea upande wa pili, na maumivu ambayo yalinifanya nimtukane mkaguzi wa elimu kwa lugha tatu. Lakini siku walipoanza kuzungusha! Muuguzi alishika spana ndogo kama kijiko cha chai, akageuza nati robo ya mzunguko, na mimi nikahisi... hapana, sikuhisi kitu. Lakini nilijua. Siku hiyo hiyo nilikuwa mrefu kuliko jana. Mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, na nakua! Nilimpigia mama nikamwambia, akaanza kunikokotolea kwa simu, "Leo ngapi? Na jana ngapi?" Kwa siku kumi na nne Nairobi tulikuwa hivyo, na milimita zikatimia kumi na nne.

Nikarudishwa Garissa nikiwa nimelala kwenye kiti cha nyuma cha gari la kaka yangu. Macawis ilinisaidia sana, shuka hilo la kiunoni linafunika kila kitu hadi chini, na wageni waliokuja kuniona waliambiwa ni ajali ya bodaboda. Waje Wasomali kumwona mgonjwa, ujue nyumba imejaa. Waliniombea dua, wakamlaani mwendesha bodaboda, na mmoja akaapa atamtafuta. Hilo nalo nitaulizwa siku ya kiyama.

Kila wiki alikuwa akija dada wa fizio kutoka hospitali, mwenyeji wa Kitui, mtu wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha askari. Kazi yake ilikuwa kuninyoosha misuli. Alinieleza kwamba vyuma vinapovuta, misuli ya nyuma ya mguu inakaza na kisigino kinataka kupanda, na usipoukunja mguu kwenda juu kila siku mara nyingi, siku ya kutolewa vyuma utajikuta unatembea kwa ncha za vidole. Alikuwa akiukunja mguu wangu kwa mkanda mpaka machozi yananitoka. "Lia tu, Mwalimu," alikuwa akisema, "lakini kunja." Pia alikuwa anasoma alama zilizochorwa kwenye chuma cha kurefushia, kimilimita kimilimita, na kuandika kwenye daftari lake.

Daktari alikuwa ameniambia nigawe siku yangu mara nne kwa namna yoyote nitakayoikumbuka. Siku mbili za kwanza nyumbani nilitegea kengele ya simu, ikawa inalia katikati ya dua za wageni, aibu tupu. Nikapata wazo zuri: msikiti uko nyuma ya nyumba yetu, na mwadhini hahitaji chaji. Nikafunga kuzungusha kwangu na swala. Baada ya Adhuhuri, robo. Baada ya Alasiri, robo. Magharibi, robo. Isha, robo. Mara nne, sawasawa na alivyoagiza daktari. Alfajiri niliiacha, nikiswali kitini nilikuwa narudi kulala.

Mama alidai spana iwe mikononi mwake. Kuinama kuliniuma, na pia alitaka sana. Alikuwa akikimbia kutoka kwenye maziwa yake, ananawa, anasema Bismillahi, anazungusha kulia robo, kushoto robo, kisha ananitazama usoni kuona kama nimekua. Haki ya Mungu, sijawahi kumwona mama yangu na furaha ya namna ile. Nilipofikisha milimita ishirini na moja alileta utepe wa fundi cherehani na kunipima kutoka goti hadi kisigino mara tatu, kisha akawapigia dada zake Eldas kuwaambia, halafu akakumbuka kwamba Eldas wanajua ni ajali, akakata simu.

Basi siku moja, baada ya kuzungusha kwa Isha, aliweka spana chini, akaniuliza, "Hooyo, swala ni ngapi?"

"Tano."

"Wewe unazungusha nne. Alfajiri umemwachia nani? Swala yenye baraka kuliko zote ndiyo unaiacha mikono mitupu?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Nilikuwa na maneno yote tayari: daktari alisema nne, tano ni pupa, mwanya utabaki mtupu, mishipa itanyamaza. Mimi ni mwalimu, kueleza ndiyo kazi yangu. Lakini kabla neno halijatoka nilipiga hesabu. Robo zaidi kila siku. Siku ishirini, milimita tano za bure. Na baada ya hapo nani anajua, labda daktari akiona mambo yanakwenda vizuri atalegeza ile mipaka yake, labda sita, labda saba. Nikafunga mdomo. Kisha nikaufungua tena nikasema, "Umesema kweli, hooyo."

Siku zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote. Alfajiri ya Garissa ndiyo saa pekee ambayo jua halijaanza ugomvi. Mama alikuwa akimaliza kuswali, anaingia na harufu ya ubani kwenye mtandio wake, spana mkononi, na yale mazungusho ya alfajiri aliyafanya polepole kuliko mengine yote, huku akisoma. Nilikuwa nawaza kuhusu paredi ya shule. Nilikuwa nawaza mkaguzi anaingia, ananitazama, ananipa mkono bila kuinama. Nilikuwa nacheka peke yangu. Dada wa fizio alikuwa amekwenda likizo kwao Kitui, kwa hiyo hakukuwa na wa kusoma alama wala kunikunja mguu, na mimi mwenyewe mkanda niliutundika msumarini. Picha ya eksrei ilipofika siku yake nilimwambia kaka yangu gari lipumzike, nitakwenda wiki ijayo.

Kulikuwa na dalili. Sitasema hakukuwa. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vinanipiga ganzi, na nilikuwa naviambia ndiyo kukua huko.

Siku ya kumi na sita ya mazungusho matano nilitoka nikishikilia fremu yangu ya kutembelea, hatua ndogo ndogo, kwenda kutawadha kwenye tangi. Kufika pale mama akapiga kelele. Nikageuka. Ndala ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma, mlangoni kabisa, na kutoka pale hadi nilipo kulikuwa na mstari wa damu mchangani. Nilikuwa nimeuburuta mguu. Ngozi ya juu ya kidole gumba ilikuwa imechunika yote, mchanga umejaa, na sikuwa nimehisi chochote. Nilitazama kile kidole kama cha mtu mwingine.

Bahati ilikuwa kwamba dada wa fizio alikuwa amerudi kazini siku hiyo na sisi tulikuwa nyumba yake ya kwanza. Aliosha kidonda. Kisha akasema, "Mwalimu, inua hiki kidole juu." Cha kulia kiliinuka. Cha kushoto nilikiamuru, nikakiamuru tena, nikakaza uso mzima. Kidole hakikusikia.

Akainama kusoma alama kwenye chuma. Akafungua daftari lake, akahesabu kwa kalamu. "Leo inapaswa kuwa thelathini na saba," akasema. "Hapa nasoma arobaini na moja. Unazungusha mara ngapi kwa siku?"

"Nne," nikasema.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hilo alilielewa, na lilimuudhi kwa niaba ya Mungu. "Nne nini?" akasema. "Daktari, huyu iko na aibu tu. Tano! Swala iko tano, mimi nazungusha tano. Na Alfajiri ndio mimi nazungusha fizuri zaidi!"

Dada wa fizio aliketi chini kwenye mkeka. Alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, na mimi nikatazama ukuta.

Tulimpigia daktari wa Nairobi. Aliagiza tusiguse nati hata moja mpaka aone picha, na jioni ile ile kaka yangu alinipeleka kupigwa eksrei, ikatumwa kwa simu. Kwenye mwanya wa kulia mfupa mpya ulionekana, hafifu lakini upo. Kwenye wa kushoto ulikuwa kama moshi. Daktari hakugomba. Ningefurahi angegomba. Alisema mshipa wa fahamu wa mguu wa kushoto umevutwa kupita uwezo wake, na kwamba lazima turudi nyuma: milimita moja kwa siku kwa siku sita, miguu yote miwili, ili nisije nikawa mrefu upande mmoja. "Mshipa ukiamka, kidole kitainuka na utatembea vizuri," akasema. "Usipoamka, utaburuta mguu huo maisha yako yote." Kisha, kwa sababu ni mtu wa haki, akaniambia na upande wa pili: baada ya kurudi nyuma tutasubiri siku kumi, na kama kidole kimeinuka na hisia zimerudi kila mahali, anaweza kuniruhusu niendelee polepole hadi zile tano. Zikipita siku hizo mfupa utaanza kushikana, na hapo basi.

Milimita sita! Nilizilia milimita sita kuliko kidole. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mama hakulia mbele yangu. Alimpa dada wa fizio ile spana, akamshika mkono, akamwambia, "Abaayo, dada yangu, mimi ndio nimefunja mguu ya mtoto yangu. Mimi na mkono yangu." Dada wa fizio akamwambia bole bole, akiiga lafudhi yetu kwa upole, kwamba si yeye. Lakini mama hakuamini. Kuanzia hapo hakuingia chumbani kwangu ila kuleta chakula. Alikuwa anaswali na kubaki amesujudu muda mrefu sana. Nilikuwa namwona kupitia mlangoni, zile bangili kimya juu ya mkeka, na nilijua anaomba msamaha kwa kosa lipi. Mimi nilikuwa nimelala pale, nikizirudisha nati nyuma mwenyewe kwa spana niliyorudishiwa, robo, robo, na sikusema kitu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwalimu mzima wa lugha nimekosa sentensi moja.

Siku ya nne alipoleta uji nikamshika mtandio asiondoke. "Hooyo," nikasema, "nilijua ni nne. Ulipouliza habari ya Alfajiri nilikuwa najua. Nilikuacha uendelee kwa sababu niliitaka ile ya tano."

Alisimama. "Waryaa!" akasema, neno linalotumiwa kumwita mtoto mtundu wa mtaani. "Siku nne namlilia Mungu, na wewe umelala hapo unaniangalia? Nimeutaja mkono wangu mbele yake kama mkono wa mwizi!" Akanichapa na mtandio begani, mara moja, mara mbili, akachukua uji wake akaondoka nao. Nilibaki na njaa mpaka saa saba na nilistahili. Saa saba akarudi na bakuli la maziwa, akaliweka chini kwa kishindo, akachukua spana kutoka mkononi mwangu. "Kurudi nyuma ni upande gani?" akauliza. Nikamwonyesha. Akazungusha, na safari hii alihesabu kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikusikia.

Milimita zikashuka kutoka arobaini na moja hadi thelathini na tano. Tukaanza kusubiri. Mkanda uliteremshwa msumarini, na mama alikuwa akinikunja mguu kwa nguvu kuliko dada wa fizio, bila huruma hata kidogo. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukitazama kidole na kukisemesha. Nilikibembeleza. Nilikitishia. Nilikiahidi viatu vya ngozi.

Siku ya tano ya kusubiri, mama akiwa anachuja maziwa uani, kidole kilitikisika. Kidogo tu, kama mtu anayeitika akiwa usingizini. Nilipiga ukelele ambao uliwaleta majirani watatu mbio wakidhani nimekufa, na mama akaingia mikono yote ikichuruzika maziwa. "Tena!" akasema. Nikakaza. Kikainuka tena, ukucha mzima juu! "Tena!" Kikainuka! Jirani mmoja, ambaye bado anajua ni ajali ya bodaboda, alipiga takbira. Nilicheka mpaka pini zikaniuma, nikalia, nikacheka tena, na mama alinishika kichwa kwa ile mikono ya maziwa akanipaka mpaka ndevuni.

Na sasa, msomaji, ujue mimi ni mtu gani: kabla majirani hawajatoka nilikuwa nimekwisha kuanza kuhesabu. Kidole kimeinuka. Zimebaki hisia. Hisia zikirudi, milimita kumi na tano zinanisubiri!

Siku ya kumi dada wa fizio alikuja na pamba. Daktari alikuwa kwenye simu iliyowekwa sauti juu ya mto. Kipimo kilikuwa rahisi: nifumbwe macho, niguswe mguu kwa pamba sehemu mbalimbali, niseme nahisi au sihisi. Mama alisema yeye ndiye atakayegusa, na hakuna aliyembishia. Alivua mtandio wake wa juu akanifunga nao machoni.

"Hapa?"

"Nahisi. Juu ya kifundo."

"Hapa?"

"Nahisi. Ubavuni." Nilikuwa nahisi kweli, pamba ilikuwa inatekenya kama chungu anayetembea.

"Hapa?"

"Nahisi. Katikati ya unyayo."

Halafu bangili zikalia. Zilisogea, zikashuka mbele kidogo, zikatulia. Nilijua mkono wake uko wapi kama ninayeuona: katikati ya kidole gumba na cha pili, mahali pale daktari alipopataja mara mbili. Nilisubiri pamba. Hakukuwa na pamba. Palikuwa na bangili tu.

"Hapa?" mama akauliza.

Nilikuwa na jibu mdomoni, sahihi kabisa, na hakuna mtu katika chumba kile ambaye angejua nimelitoa masikioni. Milimita kumi na tano. Futi tano na inchi nne. Mama alikuwa amezuia pumzi, nilisikia.

"Hapo sihisi, hooyo," nikasema.

"Sikiliza fizuri," dada wa fizio akaiga tena lafudhi yetu, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. "Una hakika?"

"Sihisi kitu."

Daktari akasema, "Mwalimu, unaelewa maana yake?"

"Naelewa," nikasema. "Fungeni nati hapo zilipo."

Mama akanivua mtandio machoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado pale pale, pamba imebanwa kati ya vidole vyangu viwili, na kidole gumba kilikuwa kimeinuka, kimeegemea bangili zake, na mimi sikuwa na habari.